Mnyama wangu wa kubuni anakula mikoko, je maziwa atatoa?

KijanaWaShela: Jamani naandika hadithi ya visiwa vya kubuni, nimeviiga Lamu yetu, mitaa myembamba gari haipiti. Kuna mnyama wa kufugwa namwita mbokoko, kimo cha punda, miguu ya bata, anakula majani ya mikoko na maji yakijaa anaogelea kisiwa hadi kisiwa. Sasa majani yana chumvi vile, maziwa atatoa kweli?

Baharia_Malindi: Atatoa kakangu. Kule Gujarat, India, kuna ngamia wanaitwa Kharai, wanaogelea kufuata mikoko na wanakamuliwa vizuri tu. Ila maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, lazima wapate, kwa hivyo weka visima, na hapo ndo hadithi inanoga manake mwenye kisima ndo atawatawala wafugaji wote.

BiMkubwa: Mwanangu na mzigo je? Punda wetu ndo wanabeba mawe na mchanga wa kujengea, huyo wa miguu ya bata atateleza, mpe kwato. Alafu mikoko ikiliwa yote boriti za nyumba zitatoka wapi? Lazima wahamishwe hamishwe.

KijanaWaShela: Shukran Bi, boriti sikuziwaza kabisa. Nampa kwato pana za kukanyagia tope.