Kliniki za kupunguza mwili: pesa inakwenda kihalali? Tupeane uzoefu

Nyota ya Asubuhi
Wakuu, habari za muda huu. Naomba tuzungumze kwa uwazi kuhusu hizi kliniki binafsi za kupunguza mwili. Dada yangu anataka kulipia kifurushi cha miezi sita kwa mkupuo, na hiyo pesa ndiyo akiba yake yote. Presha imeanza kumpanda, daktari wake amemshauri apungue, na mtu ukishaambiwa hivyo unatafuta pa kukimbilia.

Karatasi waliyompa ninayo hapa. Kuna sindano za vitamini, poda ya kunywa badala ya mlo, mashine ya kuyeyusha mafuta ya tumboni, "kusafisha sumu mwilini", na chini kabisa, kwa maandishi madogo, ushauri wa lishe mara moja kwa mwezi. Hakuna mahali palipoandikwa daktari.

Aliyewahi kulipia atuambie: ulilipia nini hasa, ulipungua, na leo uko wapi? Wauzaji mtupishe kwenye uzi huu.

Mama Pacha
Nimepitia humo, mpenzi. Nililipia kifurushi kizima baada ya kujifungua mapacha. Wiki ya kwanza mizani ilishuka mpaka nikatokwa na machozi ya furaha, wahudumu wakanipigia makofi, picha zikapigwa. Baada ya hapo ikawa inashuka kwa kusuasua, kisha ikagoma kabisa. Nilipouliza kwa nini, nikaambiwa niongeze sindano, na hizo hazimo kwenye kifurushi.

Kilipoisha, aliyenipigia simu ni mtu wa mauzo peke yake, akinieleza kuna punguzo kwa wateja wa zamani. Uzito ukarudi wote. Kinachoniuma zaidi ni kwamba muda wote ule hakuna aliyeniuliza nalala saa ngapi, nakula saa ngapi, nani ananisaidia watoto. Nilikuwa nakula mabaki yao usiku, nimesimama jikoni, mtoto mmoja begani. Shida yangu ilikuwa pale, na hakuna aliyeifikia.

Tabibu wa Lishe
Pole sana Mama Pacha. Hiyo wiki ya kwanza naomba niieleze, maana ndiyo inayouza vifurushi vingi. Mwili huweka akiba ya sukari, glaikojeni, kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Mizani inashuka kweli, lakini sehemu kubwa ya kilichotoka ni maji, na ukianza kula kama kawaida yanarudi ndani ya siku chache. Mtoa huduma mwaminifu atakwambia hivyo mapema, kabla hujashangilia.

Kifaru Mpole
Mimi niko upande wa pili. Nililipia, na ningelipia tena.

Tofauti niliiona siku ya kwanza. Daktari aliniuliza maswali karibu saa nzima: natumia dawa gani, nalalaje, ndugu zangu wana sukari au presha, nilianza kunenepa lini na wakati huo maishani kulikuwa na nini. Akachukua damu kupima sukari, lehemu, ini na tezi ya shingo. Ikaonekana kwamba dawa niliyokuwa nameza kwa ajili ya msongo wa mawazo ni mojawapo ya zile zinazoongeza hamu ya kula na uzito. Akamwandikia barua daktari wangu, nikabadilishiwa. Pia alinituma kupimwa usingizi kwa sababu mke wangu alisema nakoroma na pumzi inakatika. Ilikuwa kweli, na lile sinzio la mchana lililokuwa linanifanya nile ovyo likapata sababu.

Hawakuniuzia poda wala kopo. Nilikuwa nalipia kila ninapoonana nao, na siku nikitaka kuacha ninaacha. Nilipungua taratibu, nadhani hakuna ambaye angenipiga picha ya tangazo. Ila shati langu la kazini sasa linafunga vifungo vyote, na presha imetulia.

Ngoja Nikwambie
Wote hao ni wale wale. Kula kidogo, tembea sana, bure kabisa. Mtu anayelipia kupungua hana nidhamu tu.

Tabibu wa Lishe
Ngoja Nikwambie, hapo naomba nikupinge kwa heshima, kwa sababu maneno hayo ndiyo yanayowafanya watu waone aibu kwenda hospitali wakaishia kwa matapeli.

Mwaka 2011 watafiti wa Australia walichapisha utafiti wa watu waliopunguza uzito kwa mlo wa kalori chache sana. Walipowapima tena mwaka mmoja baadaye, homoni za njaa na shibe zilikuwa bado hazijarudi zilivyokuwa kabla ya kupungua, na wenyewe walikuwa bado wanasikia njaa zaidi kuliko zamani. Mwili unaupigania uzito wake wa awali. Mtu anayepambana na hali hiyo mwaka mzima huwezi kumwambia hana nidhamu.

Na usimamizi una faida inayopimika. Utafiti mkubwa wa Marekani wa kuzuia kisukari, matokeo yake yalitoka 2002, uliwapa watu waliokuwa karibu kupata kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hawakuachiwa karatasi wakaenda zao. Kila mmoja alikuwa na mshauri, na katika miezi ya kwanza walipitia naye masomo 16. Hatari ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa metformin, dawa ya kisukari ya kumeza, hatari ilishuka kwa asilimia 31. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa herufi ndogo kwenye karatasi ya Nyota ndio wenye ushahidi kuliko vyote vilivyo juu yake.

Programu za kibiashara nazo zimechunguzwa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2015 yalionyesha kwamba baada ya mwaka, washiriki wa Weight Watchers walikuwa wamepungua asilimia 2.6 zaidi ya watu wa kulinganishwa nao, na wa Jenny Craig asilimia 4.9 zaidi. Faida ipo, ila haifanani na ile ya kwenye matangazo.

Sista Wodini
Nimesoma nikaona siwezi kupita kimya. Mimi ni muuguzi, na niliwahi kufanya kazi kwenye kliniki ya namna hii kabla sijarudi wodini. Siitaji jina. Nataka tu dada yake Nyota ajue mambo yanavyokwenda akiwa bado ana pesa yake mkononi.

Anayekukaribisha na kukuita "mshauri" mara nyingi analipwa kamisheni. Tulikuwa na ubao chumba cha nyuma wenye majina yetu na mauzo ya kila mtu. Mteja akisema anataka kwenda kufikiria nyumbani, tulifundishwa kumwambia punguzo linaisha leo. Mtu wa kutibu hana haraka hiyo.

Kipimo cha kwanza kilikuwa kinafanyika mteja akiwa na nguo zote, ameshakula, jioni. Vilivyofuata ni asubuhi kabla ya kula, na viatu vimevuliwa. Kilo inapungua kwenye karatasi hata kama mwilini hakuna kilichotokea. Ile mashine unayoikanyaga ikakutolea asilimia ya mafuta inapitisha umeme mdogo mwilini na kukadiria, hivyo ukiwa umekunywa maji mengi au umekaukiwa, namba inabadilika. Pimwa saa ile ile, nguo zile zile, la sivyo usiamini mabadiliko madogo.

Sindano za vitamini B12: kama damu yako haina upungufu, hazikupunguzi. Mashine za kugandisha mafuta zinaweza kupunguza unene wa sehemu ndogo, lakini haziondoi unene wa mwili wala hazitibu presha. "Kusafisha sumu" ni kazi ya ini na figo, na hazikutumii bili.

Kuna nyingine inayonitia hofu, sindano za hCG, ile homoni ya ujauzito. Zinaambatana na mlo wa kalori 500 kwa siku. Mtu anapungua, sindano inasifiwa, kumbe ni njaa. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, haijawahi kuiidhinisha kwa kupunguza uzito, na mwaka 2011 iliziandikia onyo kampuni zilizokuwa zikiiuza kwa kazi hiyo bila agizo la daktari. Mlo wa chini ya kalori 800 unahitaji daktari anayekufuatilia kwa karibu, siyo mtu wa mapokezi.

Na dawa yoyote, uliza jina lake. "Mchanganyiko wetu maalumu" si jina. Miaka ya tisini watu wengi Marekani walipewa fen-phen, yaani fenfluramine na phentermine kwa pamoja, kwenye kliniki za uzito, na mwaka 1997 fenfluramine ikaondolewa sokoni baada ya kuonekana inaharibu vali za moyo. Sibutramine, dawa nyingine ya kupunguza uzito, nayo iliondolewa 2010 kwa sababu ya hatari za moyo na kiharusi, na mpaka leo bado inakutwa imechanganywa kwa siri kwenye vidonge vinavyoitwa vya mitishamba. Mwenye presha akimeza hiyo bila kujua, anacheza na uhai wake.

Jua la Mchana
Asante Sista. Mimi nizungumzie hizi sindano mpya, maana ndizo zinazojaza kliniki sasa.

Nilitumia semaglutide, sindano ya kupunguza hamu ya kula, kwa kuandikiwa na daktari. Zinafanya kazi, tusidanganyane. Mawazo ya chakula yaliyokuwa yakinizunguka kutwa kichwani yalinyamaza, na nilikuwa sijawahi kujua kuna watu wanaishi hivyo. Nilipata kichefuchefu mwanzoni, kikapungua.

Shida ikawa pesa. Kliniki ilinipigia hesabu ya mwezi mmoja, nami nikaona naimudu. Hakuna aliyekaa nami kuniambia hii ni dawa ya muda mrefu kama ya presha. Pesa ilipokata nikaacha, na njaa ikarudi na nguvu zake zote. Baadaye nikasoma kwamba kwenye utafiti mkubwa wa dawa hii waliotumia walipungua wastani wa asilimia 14.9 ndani ya wiki 68, na waliofuatiliwa mwaka mmoja baada ya kuacha walikuwa wamerudisha takriban theluthi mbili ya walichopunguza. Taarifa hiyo ilistahili kuwepo mezani kabla sijatoa hata senti. Ukitaka kuanza, piga hesabu ya miaka, uone kama utaweza.

Na msikubali kichupa kisicho na jina la mtengenezaji. Mwaka 2024 FDA ilitoa tahadhari baada ya watu kuzidisha dozi za semaglutide za kuchanganywa, yaani zilizotengenezwa na maduka ya dawa badala ya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, wengine walijipimia wenyewe kwenye bomba na wengine walikosewa hesabu na watoa huduma.

Nyota ya Asubuhi
Nawashukuru kutoka moyoni. Nimemsomea dada posti ya Sista yote. Leo kawapigia kuuliza mambo matatu: daktari ni nani na amesajiliwa wapi, sindano zinaitwaje, na akiacha katikati anarudishiwa kiasi gani. La kwanza wamesema daktari "yupo kwa simu". La pili wamesema ni siri ya kliniki. La tatu, hakuna kurudishiwa. Hajalipa. Mzee wa Kazi, shikamoo, nasikia wewe ulipitia hospitali ya kawaida, tupe na yako.

Mzee wa Kazi
Marahaba mwanangu.

Yangu haina mbwembwe. Daktari wa presha alinipeleka kwa mtaalamu wa lishe pale pale hospitalini, na kulikuwa na kikundi kinachokutana jioni. Gharama yake ilikuwa ndogo sana nikilinganisha na vifurushi mnavyovitaja. Yule binti wa lishe aliniambia niandike kila kitu kinachoingia mdomoni, hata cha kuonja, na asinione namletea daftari safi sana maana atajua nimelijaza mlangoni. Tulipolisoma pamoja ikaonekana kalori nyingi nazipata kwenye vinywaji vya sukari ninapokuwa kazini, siyo kwenye sahani niliyokuwa nailaumu.

Alinipa lengo la kupunguza asilimia 5 kwanza. Nikasema hiyo ni ndogo, akanieleza kwamba kati ya 5 na 10 ndipo presha na sukari huanza kuonyesha nafuu. Ikawa hivyo. Daktari alinipunguzia dozi moja. Kikundini bado naenda, kwa sababu nimeona wenzangu wawili waliofikia lengo wakaacha kuja, na wote wamerudi wakiwa wazito.

Mwanangu, kama dada yako ana pesa ya kutoa, atafute mtu wa kumwona mara kwa mara, amlipe kila anapomwona. Na amwulize mapema: nikishapungua, utanifuatilia kwa muda gani?

Pita Njia
Samahani kuingilia. Sista, umetaja mlo wa kalori 500. Mdogo wangu yuko kwenye kliniki ya hivyo, amepungua haraka mno, na sasa analalamika maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hasa akila kitu chenye mafuta. Kliniki wamemwambia ni mafuta yanayeyuka. Ni kweli?

Sista Wodini
Hapana, Pita Njia. Kupungua kwa kasi huongeza uwezekano wa kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo, na maumivu ya upande huo baada ya kula mafuta ndiyo dalili yake inayojulikana. Inawezekana ni kitu kingine, ila hakijulikani mpaka apimwe. Mpeleke hospitali, siyo kwenye hiyo kliniki, waombe ultrasaundi ya tumbo, na mwambie daktari alikuwa anakula nini na anachomwa sindano gani. Kama ana homa, anatapika bila kukoma, au macho yamekuwa ya manjano, usingoje kesho, mpeleke usiku huu huu.