Gari ya zamani inakula mafuta: tupeane uzoefu wa kukamata chanzo, Arusha na Moshi

Mwanzisha uzi

Wakuu salaam. Uzi huu ni wa gari za miaka ya nyuma ambazo ulaji wa mafuta umepanda lakini taa ya injini haijawaka. Naomba kila mwenye ujuzi aweke dalili, namna ya kupima, na kinachokutwa kimeharibika. Tusiandike "badilisha sensa" bila kusema inapimwaje. Watu wanamaliza hela kwa kubahatisha, na inauma.

Naanza na kipimo chenyewe, maana mshale wa dashibodi si kipimo. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, usiongezee hata kidogo. Rudisha trip (kihesabu cha kilomita za safari moja) kwenye sifuri. Tembea angalau kilomita 250, kisha rudi kituo kilekile, pampu ileile, gari ielekee upande uleule, ujaze mpaka ikate tena. Gawa kilomita kwa lita. Kilomita 312 kwa lita 26 ni kilomita 12 kwa lita. Fanya hivyo mara tatu ndipo uanze kulalamika.

Ukipimia barabara ya Moshi–Arusha, pima kwenda na kurudi. Moshi iko kwenye mita 850 hivi, Arusha inakaribia 1,400, na kati yake ni kama kilomita 80. Gari ya tani moja inachoma takribani theluthi mbili za lita kwa ajili ya kuinuka tu. Anayepima akipanda na mwenzake anayepima akishuka hawawezi kulinganisha.

Spana Kumi

Mkuu umeanza pazuri. Cha kwanza kuangalia ni joto la injini. Gari nyingi sana huku hazina themostati (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini iive) kabisa: siku moja ilichemsha, fundi akaing'oa "maji yatembee vizuri", ikabaki hivyo miaka. Bila themostati maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na asubuhi ya Julai pale Sakina injini inaweza kutembea safari nzima bila kufika nyuzi 75. Kontrol boksi (kompyuta ya injini) ikiona maji ya baridi inafanya ilichoelekezwa: inaongeza petroli, inapandisha silensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta), na kwenye giaboksi nyingi za otomatiki inachelewesha gia ya mwisho. Taa haiwaki kwa sababu gari nyingi za zamani hazina hesabu ya kugundua hilo.

Kupima: injini ikiwa ya baridi, washa, kisha shika mpira wa rejeta wa upande ilipo themostati. Hapa watu wanakosea. Kwenye injini kama 1NZ ya Vitz na IST, themostati iko upande wa mpira wa CHINI. Mpira wa juu utapata moto tu, usikudanganye. Ule wa chini unatakiwa ubaki baridi kwa dakika kadhaa, halafu joto lije baada ya injini kuiva. Ukianza kuwa vuguvugu mapema na taratibu, themostati imetolewa au imeganda ikiwa wazi. Mikono mbali na feni, inaweza kuwaka bila taarifa.

Gari zisizo na mshale wa joto zina taa ya bluu tu. Taa hiyo ikichelewa kuzima, au ikiwaka tena unaposhuka kuelekea Usa River, tayari una jibu.

Themostati unaijaribu jikoni: ining'inize kwa waya ndani ya sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, isiguse chini. Iliyoandikwa 82 inaanza kufunguka kati ya 80 na 84, na kufika 95 iwe imeachia milimita 8 na zaidi. Wakati wa kufunga, kile kitundu chenye kijiti kinachocheza kikae juu ili hewa itoke. Badilisha na mpira wake wa pembeni, jaza kulanti (maji maalumu ya rejeta), si maji ya bomba. Na gari iliyokuwa inachemsha, tafuta kwanza kwa nini ilichemsha (feni, rejeta iliyoziba, mfuniko) kabla ya kurudisha themostati.

Dereva wa Himo

Kabla hujafungua boneti, anza chini. Tembea kilomita 10 ukitumia breki kidogo, simama, pitisha mkono karibu na kila rimu. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, breki inashika. Piga jeki, gia iwe huru, zungusha tairi kwa mkono. Tairi nzima inazunguka walau mzunguko mmoja ikisugua kidogo tu. Mara nyingi ni pini za kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki) zimekauka kwa vumbi: zing'oe, safisha, paka grisi ya breki inayovumilia joto, rudisha mipira yake. Grisi ya kawaida inavimbisha mpira na pini inakwama upya. Za nyuma, angalia waya wa handbreki unaogoma kurudi, hasa gari inayolala imepaki mlimani Kibosho au Marangu.

Upepo: fuata kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, pima asubuhi tairi zikiwa baridi.

Saizi ya tairi nayo inadanganya hesabu. Ukitoa 185/65R15 ukafunga 195/65R15, tairi imekua kwa asilimia 2 hivi, na odomita inahesabu kilomita pungufu kwa kiasi hicho. Hapo ulaji haujapanda wote unaouona, sehemu yake ni hesabu tu.

Halafu tazama dashibodi: taa ya O/D OFF ikiwaka njia nzima, gari haiingii gia ya juu. Kitufe kimebonyezwa bila kujua.

Plagi Nne

Niongeze kwa wenye mashine ya kusoma gari, hata ile ndogo ya kuunganisha na simu. Baadhi ya gari za soko la ndani la Japani hazikubali mashine za kawaida, hizo zinahitaji ya fundi.

Asubuhi, kabla ya kuwasha, weka swichi on na usome joto la maji na joto la hewa inayoingia. Gari iliyolala nje, namba hizo mbili zinatakiwa zikaribiane. Hewa ikisoma 16 na maji yakisoma 2, sensa ya maji au waya wake ni mbovu. Kwa mita ya umeme, sensa hiyo kwenye Toyota inatoa kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na 0.2 hadi 0.4 kwenye nyuzi 80.

Kisha soma marekebisho ya mafuta (fuel trim, yaani asilimia ya petroli ambayo kontrol boksi inaongeza au kupunguza), ya muda mfupi ujumlishe na ya muda mrefu. Ndani ya asilimia 10 juu au chini usiguse kitu. Ikiwa imepanda sana kwenye silensa na inashuka ukifika mizunguko 2,500 kwa dakika, hewa inaingia kwa wizi: kagua mpira kati ya boksi la filta na throto (mlango wa hewa ya injini), na ule wa busta ya breki. Ikipanda kadiri unavyokanyaga, shuku sensa ya hewa yenye vumbi au pampu dhaifu. Sensa ya hewa inapuliziwa dawa yake maalumu, usiiguse hata kwa pamba, ule uzi ni mwembamba mno. Ikiwa hasi 15 au 20, petroli inazidi: nozeli inavuja au presha ya mafuta iko juu. Ng'oa plagi, yenye masizi meusi makavu ndiyo silinda yake.

Sensa ya oksijeni ya mbele, ya aina ya volti, injini ikiwa ya moto kwenye mizunguko 2,500 inatakiwa icheze kati ya 0.1 na 0.9, angalau mara 8 ndani ya sekunde 10. Ikilala chini, usikimbilie kununua. Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa inavuta hewa ya nje, sensa inaripoti petroli ni kidogo, kontrol boksi inaongeza. Hapo ubovu ni gasketi.

Spana Kumi

Nyongeza kwa injini zinazotumia sensa ya MAP (inayopima presha ya hewa ndani ya manifoldi). Swichi ikiwa on na injini haijawashwa, inasoma hewa ya mahali ulipo. Arusha ni kama kilopaskali 86, Moshi 91 au 92. Vitabu vingi vinataja 101, hiyo ni ya usawa wa bahari. Sensa nzima zinatupwa kwa kosa hili.

Kabureta haina akili hiyo ya kusoma hewa. Iliyopimwa Dar ikiletwa Arusha, hewa ni nyepesi lakini petroli ni ileile, mchanganyiko unakuwa mzito. Ipimwe upya hapahapa, na choki ihakikishwe inafunguka yote.

Mdau wa Pasua

Je, gari iliyotolewa masega (kichujio cha moshi ndani ya ekzosi) inakula zaidi?

Plagi Nne

Yenyewe kukosekana hakuongezi. Kinachoongeza ni sensa ya mbele kuharibiwa au kuachwa na uvujaji wakati wa kuchomelea. Masega yaliyoziba ndiyo yanayokula: gari inakosa nguvu kupanda, na mguu unazidi kukanyaga.

Dereva wa Himo

Na kuna petroli isiyofika injini kabisa. Harufu siku ya kujaza tu, kesho yake hakuna: inua siti ya nyuma, fungua kifuniko, angalia gasketi ya pampu juu ya tenki. Ikikakamaa inavuja tenki likiwa limejaa, hasa kwenye mlima, na likishuka chini ya robo tatu huoni tena kitu. Simu na sigara mbali. Gasketi mpya ifungwe bolti kwa kupishana, kidogo kidogo, halafu jaza tenki na upandishe kilima ukague tena.