Kocha mgeni wa watoto: barua ya serikali ya mtaa inatosha?

Mlezi_Makorora: Wadau, habari za jioni. Kituo chetu cha mpira hapa Tanga kina watoto wa chini ya miaka 15, na likizo ijayo tunawapeleka Lushoto kwa siku mbili. Tumepata kocha kutoka mkoa mwingine na vijana watatu wa kujitolea. Wote wameleta barua za serikali ya mtaa. Kuna kingine cha kudai?

Kipenga: Kipo. Ile barua inathibitisha makazi tu. Mtendaji huandika "namfahamu, ni mkazi wangu" hata kwa aliyehamia juzi. Kaangalie kama muhuri umepanda juu ya picha, kisha mpigie mtendaji kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile iliyo kwenye barua.

Halafu dai cheti cha polisi cha tabia njema. Kinachokwamisha wengi ni majina: kitambulisho cha NIDA kinasema Muhamed, karatasi nyingine Mohamedi. Anyooshe hilo kwanza. Vidole vyote kumi huchukuliwa alama, na fundi wa saruji au mvuvi wa nyavu mistari yake huwa imelika. Wino ukizidi au mkono ukiwa na jasho, inabaki doa jeusi lisilosomeka. Anawe kwa sabuni, akauke kabisa. Cheti ukione chenyewe, picha ya WhatsApp usiikubali. Dereva wa Koasta naye alete.

Mama_Raskazone: Naongezea: cheti kinamwonyesha aliyekwisha patikana na hatia, basi. Kule Soham, Uingereza, mwaka 2002, Ian Huntley aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Alikuwa mtunza majengo wa shule. Alikotoka alishatuhumiwa mara kadhaa kwa makosa ya kingono, ila hakutiwa hatiani, na habari hizo hazikuifikia shule.

Kwa hiyo simu kwa kituo alichotoka kocha wenu ina uzito kuliko mihuri yote. Zungumza na kiongozi, si rafiki yake. Uliza aliondoka lini na kwa nini, kuna mzazi aliyewahi kulalamika, na mwisho: "Ungempa watoto tena kesho?" Akijibu "ni kocha mzuri sana", hajajibu. Rudia swali. Miaka isiyo na maelezo kwenye wasifu wake nayo aieleze.

Mlezi_Makorora: Ahsanteni. Kocha anasema cheti kitachelewa, aanze huku anasubiri?

Kipenga: Uwanjani sawa, akiwa na mtu mzima mwingine mnayemjua. Lushoto hapana.

Mama_Raskazone: Na huko Lushoto, hata wenye vyeti wasilale chumba kimoja na watoto. Mtoto akiumwa usiku, wanaingia watu wazima wawili. Ujumbe wote upite kundi la wazazi. Kocha asimwandikie mtoto pembeni. Watoto wenyewe wafundisheni namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Na likitokea jambo, msiitishe kikao cha kuyamaliza kifamilia, maana hapo ndipo mtoto hushinikizwa abadilishe maneno. Nendeni Dawati la Jinsia na Watoto polisi, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri siku hiyo hiyo. Nguo aliyovaa mtoto isifuliwe. Iwekeni kwenye bahasha ya karatasi, mfuko wa plastiki unatunza unyevu na kuozesha ushahidi.