Fundi kaunganisha maji ya ngama (yale machafu yanayokusanyika chini ndani ya boti) kwenye tanki la chambo, halafu ananiuliza kama samaki "walikuja wagonjwa"

Nahodha Mkavu:
Wakuu, naandika nikiwa bado na kaptula inayonuka petroli, sijaoga, sijala, na nisipoandika sasa hivi nitapasuka.

Mnamjua. Msiniulize jina. Yule wa ufukweni anayekuja na spana moja na simu mbili, anayeanza kila kazi kwa kumsema fundi aliyemtangulia. Huyo huyo.

Boti yangu ni ya faiba, ya mwaka 1991, futi 23. Tanki la chambo hai liko shetri, yaani nyuma. Tatizo lilikuwa moja tu: pampu ukiiwasha inanguruma, maji hayaji. Basi! Nikampa kazi, siku tatu, hela nusu mkononi. Jana jioni akanikabidhi, akawasha, maji yakaja, nikaongeza na ya soda.

Leo alfajiri tumetoka Kunduchi, bahari ya maleleji imelala kama mkeka. Saa nzima tunavua vibua kwa ndoano ndogo za manyoya, kibua mmoja mmoja, kwa mkono uliolowa ili asichubuke magamba. Vibua 40! Wanazunguka tankini kama wanatufu. Omo tukaielekeza kisiwa cha Fungu Kizimkazi, kilomita 80 hivi, lita 180 za petroli ndani, naota nguru wa urefu wa mlango.

Nusu ya njia nafunua kifuniko.

Vibua 40 tumbo juu. WOTE. Juu ya maji zile rangi rangi za dimbwi la gereji, harufu ikanipiga mpaka nikamwona marehemu babu. Kibua mmoja alikuwa bado anachezesha shavu. Akanitazama, nikamtazama, akakata.

Nikafungua sanduku la shetri. Mipira miwili inapita sambamba, yote myeusi, unene mmoja, imo humo miaka zaidi ya 30. Mmoja unatoka pampu ya bahari kwenda tankini. Wa pili unatoka pampu ya ngama kwenda NJE. Bwana mkubwa kaikutanisha kwa tii, kile kiungo cha njia tatu. Ina maana kila maji yakinyanyua boya linalowasha pampu ya ngama, ngama yote na oili yake na petroli yake inapandishwa kwa heshima zote kwenda kwa vibua wangu.

Tumegeuza. Mtandao uliposhika nikampigia. Anaongea taratibu, anatafuna kitu: "Sasa bosi, una uhakika hao samaki hawakuja wagonjwa?"

WALIKUJA WAGONJWA.

Kibua aliyeparamia ndoano mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, akapiga mkia mpaka akanilowesha miwani, mgonjwa. Wote 40 wagonjwa, wamekubaliana huko chini waje wafie kwangu.

Na kwenye koki ya chini, ile inayoingiza maji ya bahari, kaweka mpira wa kumwagilia bustani na klipu MOJA, imeshaanza kutu. Pale ni chini ya usawa wa maji. Mpira ule ukichomoka, tankini tunaingia sisi. Mtu kakuwekea kaburi kwenye boti, halafu eti samaki walikuja wagonjwa!

Mtoto wa Feri:
Pole mkuu. Ila hapo kwenye "akakata" nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta.

Spana 17:
Nakazia. Kwangu alibadilisha koki, boti ikaanza kuingiza maji. Nilipomwuliza akasema faiba ya zamani "inapumua".

Mzee wa Upo:
Swali. Jana jioni boti ilikuwa majini au juu ya trela?

Nahodha Mkavu:
Trela. Kwa nini?

Mzee wa Upo:
Boti iko juu ya trela, bahari iko kule, pampu inawashwa na maji yanakuja. Yalitoka wapi?

Nahodha Mkavu:
Alisema yamebaki kwenye mpira.

Mtoto wa Feri:
Na ukampa ya soda 😂😂😂

Spana 17:
Maji ya ngama yenyewe yalikuja kujitambulisha, mkuu ukayapigia makofi.

Nahodha Mkavu:
Chekeni. Mimi nimezika vibua 40, na mtu ananiuliza kama walikuja wagonjwa.

Dau la Tanga:
Kabla hamjammaliza. Pampu hizi zikizimwa au zikizidiwa nguvu, maji yanapita kurudi nyuma, hakuna kinachoyazuia. Pampu ya bahari ilikuwa inasukuma, tii inagawa: mengine tankini, mengine yanashuka ngamani. Ngama inajaa, boya linanyanyuka, yanarudishwa tankini yameshabeba oili. Saa ya kwanza samaki wazima kwa sababu ngama haijajaa. Baadaye ndiyo hayo.

Tatizo lako la mwanzo lilikuwa hewa. Pampu hiyo haiwezi kuvuta hewa, inataka maji yaifikie yenyewe, ndiyo maana inakaa chini ya usawa wa bahari. Mpira ukiwa na nundu, hewa inakaa pale, pampu inanguruma bure. Boti ikiwa majini, legeza klipu juu ya pampu, hewa itoke, maji yakionekana kaza. Dakika mbili. Halafu nyoosha mpira uwe unapanda juu moja kwa moja bila nundu. Koki ya chini weka ya bronzi, shaba ya dukani maji ya chumvi yanaila. Mpira mgumu wenye waya ndani, klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Nahodha Mkavu:
Dakika mbili. Kanikalia siku TATU.

Sangara Mzito:
Huku Mwanza afadhali fundi. Sisi muuza barafu anatuua. Unanunua mche mzima, ukifika kisiwani ndani una uwazi kama mwanzi.

Bi Chewa:
Usinikumbushe barafu. Juzi nimeuziwa mapande kumi, kuhesabu nyumbani nane. Kaniambia mawili yameyeyuka njiani. Kutoka feri mpaka Kigamboni!

Spana 17:
Pande zima liyeyuke na hilo la pembeni lisiyeyuke?

Nahodha Mkavu:
Wakuu turudi kwenye mada, huyu fundi tumfanyeje?

Bi Chewa:
Nilipombana akasema barafu ya siku hizi maji yake mepesi.

Mtoto wa Feri:
Subiri. Mwenye guta la kijani?

Bi Chewa:
Huyo huyo.

Mtoto wa Feri:
Ana mapande yangu manne tangu Ijumaa!