Majani ya mizabibu yanakunjamana na kuwa mekundu: mkasi au wadudu?

Swali
Wakuu, mizabibu ya zabibu nyekundu ikikaribia mavuno majani yanaiva wekundu, mishipa inabaki kijani, kingo zinajikunja kwa chini. Zabibu zinachelewa kuiva na sukari haipandi. Mkasi wa kupogolea unachovywa kwenye dawa kila shina, lakini kila msimu mashina ya jirani yanafuata. Unapitia wapi ugonjwa huu?

Jibu 1
Mkuu, mkasi hauna kosa. Dalili hizo ni za virusi vya mkunjo wa majani. Huingia shambani na pingili au vikonyo vya kubebeshea vyenye virusi, kisha wadudu wanaofyonza utomvu huvisambaza: vidung'ata, wale weupe wenye ungaunga, na vidugamba laini. Bandua gome lililolegea. Ukikuta nyuzi kama pamba na utomvu unaonata, ndio hao.

Wa kuogopwa ni watoto waliotoka kuanguliwa, hawafiki milimita moja. Hutambaa hadi shina la pili, hupeperushwa na upepo, hunasa kwenye nguo na kreti. Mtoto akifyonza mzabibu mgonjwa kwa saa moja tu anaweza kuondoka na virusi. Akikaa siku nzima, uwezekano ni mkubwa zaidi. Hukaa navyo siku chache tu, ndiyo maana ugonjwa unafuata mstari, shina kwa shina.

Jibu 2
Msisahau sisimizi. Wanafuata utamu unaotolewa na vidung'ata, na kwa ajili ya huo huwafukuza nyigu wadogo wanaowaangamiza. Sisimizi wakipanda shina, nyigu hao hawana nafasi. Dawa ya kugusa nayo haifiki chini ya gome. Inayotembea ndani ya mmea ndiyo inayowapata.

Mleta swali
Nikikata shina na kuacha mizizi je?

Jibu 1
Hapana, ng'oa na mizizi. Kipande kilichobaki ardhini huishi miaka kadhaa na virusi vyake, na kuna vidung'ata wanaokaa mizizini. Weka alama sasa, majani hayajapukutika. Zabibu nyeupe hazionyeshi wekundu, labda unjano hafifu, kwa hiyo peleka maabara vikonyo vya majani yaliyokomaa ya chini. Na ukinunua miche mipya, dai iliyopimwa virusi: kuichovya kwenye maji moto huua wadudu, virusi vinabaki humo humo.