Corolla 110 (5A-FE) inatetemeka kwenye sailensi na inakula mafuta: nianzie wapi?

Sakina110

Wakuu habari za leo. Gari ni Corolla 110 ya 1998, injini 5A-FE, otomatiki, ipo Arusha. Ikiwa imewaka na imesimama, yaani kwenye sailensi, mshale wa RPM unacheza kati ya 700 na 1,100, na kwenye foleni ikiwa D bodi zima linatetemeka. Mafuta inakunywa: lita moja inatoa kilomita 7 mjini, zamani ilikuwa 11. Ekzosti inanuka petroli, hasa asubuhi. Mshale wa joto hauvuki robo hata mlimani. Taa ya injini haiwaki. Plagi mpya, chujio la hewa jipya. Plagi za zamani zilitoka na masizi meusi makavu, zote nne. Fundi anasema injini imechoka, ifanyiwe ovahoo. Kabla ya gharama hiyo, nianze kuangalia nini?

FundiSpana

Mkuu, injini isifunguliwe kwanza. Injini iliyochoka ringi huacha plagi zimelowa oili, na moshi wa bluu unauona. Masizi makavu ni petroli nyingi kuliko hewa. Tena kwa kuwa ni plagi zote nne, achana na nozeli (kipuliza petroli) moja au waya mmoja, tafuta kitu kinachozihudumia zote.

Huo mshale usiovuka robo ndio wa kuanza nao. Ukikagua, kuna uwezekano mkubwa ukakuta thermostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto) ilishatolewa. Gari ikichemsha mara moja tu, mafundi wengi huing'oa wakidhani wameisaidia injini ipoe. Kwenye kabureta ungeweza kuvumilia. Kwenye EFI (petroli inapulizwa na nozeli kwa amri ya kompyuta), kontroli boksi, yaani hiyo kompyuta, inasoma joto la maji. Yakiishia nyuzi 55 au 60 inaamini injini bado haijapata moto, inazidisha petroli na kupandisha sailensi kutwa nzima. Arusha asubuhi ndiyo kabisa. Na taa haitawaka, kwa sababu sensa haidanganyi: maji kweli ni ya baridi. Kodi (namba ya hitilafu) ya sensa ya joto, 22, hutokea waya ukikatika au ukipiga shoti, basi.

Ikikutwa imo, itoe uipime. Itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto. Ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na maji yakifika 95 iwe imefunguka milimita 8 au zaidi. Ikiwa wazi wakati maji ni ya baridi, tupa. Ukifunga mpya, kile kivalvu kidogo kinachochezacheza kikae juu ili hewa itoke, na raba yake iwe mpya.

umeme_wa_gari

Naongezea hapo kwenye joto. Msiuamini mshale wa dashibodi peke yake. Una sensa yake yenye waya mmoja. Ile ya kontroli boksi ni nyingine, ina nyaya mbili. Mshale unaweza kukaa katikati vizuri kabisa huku boksi inaambiwa injini ni barafu.

Chomoa soketi ya ile ya nyaya mbili, weka multimita kwenye ohms, pima kwenye sensa yenyewe. Injini ikiwa baridi, kwenye nyuzi 20 hivi, usome kati ya 2,000 na 3,000. Kwenye nyuzi 80 isome 200 hadi 400. Ikisoma 1,500 wakati rejeta haishikiki, badili sensa. Haina bei ya kutisha.

Kodi unasoma bila mashine. Kwenye injini kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, swichi ON bila kuwasha, AC imezimwa, mguu usiguse mafuta. Taa ikimeta haraka bila kusita, hakuna kodi. Mimeto miwili, inasita, miwili tena: ni 22. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni sensa ya vakyumu, 41 ni ya throto (mlango wa hewa ya injini). Waya huo huo ukiuacha na injini ikiwa ya moto kwenye sailensi, pima taimingi (wakati wa plagi kutoa cheche) kwa taa ya taimingi: iwe digrii 10. Distributa (inayogawa umeme kwenye plagi) ikishafunguliwa boliti zake na kurudishwa kwa kukisia, gari inakuwa nzito na inakula mafuta.

hewa_na_petroli

Kwa ulaji wa mafuta nakubaliana na thermostati. Ila haielezi mshale wa RPM kucheza. Injini ya baridi hupandisha sailensi, haiichezeshi hivyo. Hapo kuna hewa inayoingia isikotakiwa, au njia ya sailensi imeziba kwa uchafu.

Kumbuka 5A-FE haipimi hewa inayoingia, inasoma mgandamizo ndani ya manifoldi (mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda). Hewa ikivuja baada ya throto, mgandamizo unapanda, boksi inaongeza petroli. Ndiyo maana kwenye injini hii mpira uliopasuka unaleta RPM kupanda na mafuta kwenda, tofauti na gari zenye sensa ya hewa kwenye bomba, ambazo kwanza hukosa nguvu.

Injini ikiwa kwenye sailensi, puliza kabureta klina kidogo kidogo kwenye gasketi ya manifoldi, maungio ya mipira ya vakyumu, mpira wa servo ya breki na ule wa valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye manifoldi). RPM zikibadilika ghafla, umepata. Pulizia mbali na distributa na ekzosti, la sivyo utachoma gari.

Wakati huo chomoa mpira mwembamba wa regileta ya petroli (inayodhibiti presha yake) kwenye reli ya nozeli. Ukiwa na petroli ndani, au unanuka petroli mbichi, daframu imepasuka na injini inanyweshwa petroli kupitia vakyumu. Kipimo cha sekunde kumi ambacho hakuna anayekifanya.

Ukitumia geji ya vakyumu, usishtuke. Dar injini nzima inasoma inchi 18 hadi 21. Kila mita 300 za mwinuko inashuka kama inchi moja, kwa hiyo Arusha 14 hadi 16 ni sawa.

Throto na valvu ya sailensi visafishwe vikiwa vimefunguliwa, si kupuliza kwa mbele na kufunga.

Sakina110

Asanteni sana wakuu. Majibu: nyumba ya thermostati imefunguliwa, ni tupu. Sensa inasoma 2,500 asubuhi, na 700 baada ya nusu saa barabarani. Kodi hakuna. Regileta kavu. Mpira wa PCV una ufa chini, upande usioonekana, RPM zilishuka ulipobanwa kwa vidole. Nikiweka N mtetemo unapungua sana, D unarudi.

FundiSpana

700 ni chini kidogo ya nyuzi 60, sensa ni nzima. Mtetemo unaorudi kwenye D peke yake angalia mauntingi (raba zinazoshikilia injini), hasa ya mbele na ya nyuma: mtu akanyage breki, aweke D kisha R, wewe tazama injini inaruka kiasi gani. Lakini subiri sailensi itulie kwanza, usije ukanunua mauntingi bure.

Kabla ya kurudisha thermostati, jiulize kwa nini ilitolewa. Swichi ikiwa ON, chomoa soketi ya swichi ya feni ya rejeta: feni lazima izunguke. Isipozunguka, anza na fyuzi, relei na mota. Kagua mfuniko wa rejeta, na kama rejeta imeziba ioshwe, vinginevyo itachemsha tena na lawama itaangukia thermostati mpya. Tumia kulanti, maji ya bomba yatakula alumini.

Ukimaliza, chomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi ili boksi isahau marekebisho ya zamani. Kisha jaza tangi mpaka pampu ikate, tembea kilomita 200, jaza tena pampu ile ile, ugawe kilomita kwa lita. Mshale wa mafuta hauwezi kukupa hesabu hiyo.

umeme_wa_gari

Na hizo plagi mpya zitoe uziangalie, siku chache za petroli nyingi zinatosha kuzipaka masizi. Ukikuta oili kwenye mashimo yake, sili za mirija chini ya kava la valvu zimekufa, na oili hiyo inaharibu plagi waya. Kila waya usizidi kiloohms 25.