Kulinganisha kasi ya kuzeeka kwa nchi: mwaka upi uwe sifuri, na kipimo kipi?

Mchoragrafu: Wakuu, nina majedwali ya idadi ya watu ya Umoja wa Mataifa, toleo la 2024, yanayoanzia 1950 hadi 2100. Nimechora asilimia ya wenye miaka 65 na zaidi kwa Ufaransa, Uswidi, Japani, Korea Kusini na Niger. Grafu inaonyesha tu kwamba Japani iko juu na Niger iko chini. Ninachotaka ionekane ni kasi, siyo nani mzee zaidi leo. Niipangeje? Na nitumie asilimia, umri wa kati (umri unaogawa watu nusu kwa nusu) au uwiano wa utegemezi (wazee kugawanya kwa watu wa umri wa kufanya kazi)?

Kikokotoo: Mkuu, ondoa mwaka wa kalenda kwenye mhimili wa chini. Mwaka 0 uwe ule ambao wenye miaka 65 na zaidi walifika 7% ya watu wote wa nchi, kisha hesabu miaka hadi 14%. Hapo tofauti inajitokeza yenyewe: Ufaransa ilichukua takriban miaka 115 (1865 hadi 1980), Uswidi 85 (1890 hadi 1975), Japani 24 (1970 hadi 1994), Korea Kusini 18 tu (2000 hadi 2018).

Mtego uko hapa. Jedwali lako linaanza 1950, na mwaka huo Ufaransa na Uswidi zilikuwa zimeshapita 7% zamani. Programu ikitafuta "mwaka wa kwanza wenye 7% au zaidi" itakupa 1950 kwa zote mbili, na Ufaransa itaonekana imezeeka kwa miaka 30. Mwanzo wao uchukue kwenye sensa za kale. Sensa zikipishana miaka 10, gawanya pengo: moja ikiwa na 6.6% na inayofuata 7.4%, basi 0.4 ÷ 0.8 × 10 = 5, yaani 7% ilifikiwa mwaka wa tano.

Tena, toleo hilo makadirio yake, yaani namba za miaka iliyokwishapita lilipotolewa, yanaishia 2023. Kuanzia 2024 ni makisio, yaani utabiri, kwa hiyo mstari uwe wa vitone.

Bi Takwimu: Uwiano wa utegemezi mimi siupendi kwa kazi hii. Wengine wanagawanya kwa wenye miaka 15–64, wengine 20–64. Nchi ileile inapata namba mbili, na watu wanazichanganya kwenye grafu moja bila kujua. Halafu kuna Qatar na Falme za Kiarabu: wafanyakazi wa kigeni wamejaa kwenye kigawanyo, uwiano unashuka, wala si kwa sababu wenyeji hawazeeki.

Umri wa kati ni mzuri zaidi, na unakokotoleka hata ukiwa na makundi ya miaka mitano mitano. Mfano wa kubuni: watu 1,000, walio chini ya miaka 25 ni 460, wa 25–29 ni 80. Unahitaji kufika mtu wa 500, hivyo 25 + (40 ÷ 80 × 5) = 27.5. Ila kumbuka unapanda uzazi ukishuka, hata kama wazee bado ni wachache.

Mchoragrafu: Asante sana. Niger sasa niifanyeje? Haijafika 7%.

Kikokotoo: Itoe kwenye grafu ya kasi, maana mstari wake wote utakuwa makisio. Iweke kwenye grafu ya umri wa kati: Niger ni kama miaka 15, Japani kama 49.

Mzee wa Sensa: Kabla hujachora sensa yoyote ya kale, pima kama watu walikuwa wanakadiria umri kwa tarakimu 0 na 5. Kipimo cha Whipple: chukua wenye miaka 23 hadi 62, jumlisha waliotaja umri unaoishia na 0 au 5, gawanya kwa moja ya tano ya kundi zima, zidisha kwa 100. Chini ya 105 ni safi. Zaidi ya 175 ni ovyo. Ubaya wake kwako ni kwamba wa miaka 63 na 64 wanaojiita 65 wanavuka mpaka wako na kuongeza asilimia ya wazee.

Na usisawazishe kila shimo ukidhani ni kosa. Japani mwaka 1966, mwaka wa Farasi wa Moto kwa kalenda ya jadi, ambao kwa imani ya huko ni mkosi kwa wasichana wanaozaliwa, wazazi wengi walikwepa kuzaa: vizazi vilitoka takriban milioni 1.82 hadi milioni 1.36, vikarudi juu 1967. Shimo hilo ni la kweli, na litafika umri wa 65 mwaka 2031.